Kichwa chenye Meno

Kila asubuhi kabla ya kazi namchana mama nywele. Yeye anakaa mlangoni juu ya ndoo, mimi nasimama nyuma yake, na anavyolalamika ungefikiri namchinja. Siku hiyo nilikuwa nimefika katikati ya utosi lori lilipopiga honi. Nikakimbia, nikaacha kitana kimenasa kichwani mwake.

Lori lilitoka Mbarara na vichwa viwili vya mtambo wetu wa kuchimba tope katika ziwa la Nakivale. Kichwa ndicho kinachozunguka chini ya maji na kukata tope ili bomba lilinyonye. Kimoja kilikuwa na meno mengi ya chuma. Kingine kilikuwa na visu vinne tu, vilivyoachana, bila jino hata moja. Tungebaki na kimoja. Kingine kingerudi mchana huohuo. Tukikosea, mdomo wa mfereji unaopeleka maji ya ziwa kwenye pampu ungebaki umeziba, na vijiji vya upande wetu vingeendelea kukosa maji ya pampu.

Mimi ndiye fundi mwenye cheti. Siku tatu nilikuwa nimeupima mfereji ule kwa mti mrefu: tope laini, mizizi ya mafunjo, hakuna jiwe. Niliyaandika yote kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa mfukoni.

Msimamizi wetu Sulaiman, mwanajeshi mstaafu, aliyapapasa yale meno kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Hii ndiyo mzuri," akasema. "Kitu bila meno itakula nini?"

Mkewe Yudaya, anayetuuzia chai, hakuinua hata macho. "Wewe umebaki na sita, na chapati zangu zinaisha kila siku."

Watu wakacheka. Sulaiman akanigeukia, akaniuliza kama nakubali. Nikasema ndiyo, afande. Akauliza tena, nikasema ndiyo tena, huku nikiifinyanga karatasi mfukoni hadi ikawa kama punje. Dereva akaanza kufunga mnyororo kwenye kile kisicho na meno, akirudishe.

Hapo mama akatokea, nusu ya nywele zimechanwa, nusu zimesimama, kitana kinaning'inia.

"Pascaline, nani atanitosha hii kitu mu kichwa?"

Sulaiman, kwa adabu, akajaribu kukivuta. Mama akapiga yowe hadi dereva akauachia mnyororo. Kadiri Sulaiman alivyovuta, nywele zilizidi kujisokota kwenye meno ya kitana.

Nikamshika Sulaiman mkono, mimi ambaye hata kumsalimia huwa namsalimia nikitazama viatu vyake.

"Mizizi ya mafunjo itafanya hivihivi, afande," nikasema. "Niliposema ndiyo, nilikuwa naogopa. Nataka kile kisicho na meno."