Komeo na Jua

Mimi ni fundi cherehani, na ulimi wangu mkali kuliko mkasi wangu. Siku jua lilipopatwa, niliufunga mkasi kwa uzi mweusi, nikaifunika cherehani kwa shuka, nikatia komeo mlangoni. Ndivyo mama alivyonifundisha: jua likishikwa, chuma kisikate na mjamzito asivuke kizingiti, la sivyo msiba utaingia nyumbani. Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi minane.

Jua lilipoanza kumegwa pembeni, aliniambia tumbo linakaza na ameona damu. Jirani yetu dereva alikuwa ameshawasha gari. Nilimwambia kupitia dirishani angoje jua lirudi zima. Akagonga, akasema hospitali ni mwendo wa robo saa tu. Nikamuuliza ni yeye aliyemzaa huyu au ni mimi. Sikio la kufa halisikii dawa, na siku hiyo sikio lilikuwa langu.

Binti aliuma ncha ya mto. Nilimkanda mgongo, nikajiona namlinda.

Jua liliporudi zima nikavuta komeo. Hospitalini mkunga alilisikiliza tumbo muda mrefu, akahamisha kifaa huku na huku, kisha akakiweka mezani.

"Mama," akaniambia, "mlikuwa wapi tangu asubuhi?"

Alikuwa mtoto wa kike.

Mtaa mzima ulikuja kutupa pole. Walisema ni lile jua, siku ya nuksi haina mganga. Wifi yangu akanisifu mbele ya watu kwamba mimi niliona mbali, ila mkosi ulinizidi mbio. Dereva alikuwa amekaa karibu na mlango. Aliniangalia, akainamisha kichwa. Nami nikawaitikia wale waliolilaumu jua, siku tatu mfululizo, kwa kuwa uongo ule ulinipa usingizi.

Siku ya nne wageni walikwisha. Binti alikuwa amelala akitazama ukuta, nami nimekaa miguuni pake na kigauni cha mtoto nilichokuwa nimebakiza kukitia mkono mmoja. Nikamwambia, mwanangu, jua limetutenda.

Hakugeuka.

"Mama, giza lilikuwa la dakika nne. Komeo lilikaa saa mbili na nusu."

Nilingoja anitukane. Matusi nayajua, ningeyapokea kwa mikono miwili. Aliniomba maji tu.