Kugonga Mara Mbili

Shangazi alitaka niwamwage vyura. Alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, ameziba pua, utadhani vyura wananuka. Hawanuki. Kinachonuka ni maji yasiyobadilishwa, na mimi nabadilisha.

"Mgonjwa mmoja amekutoa jasho, hao wenye makucha utawaweza?"

Sikumjibu. Wanaonijua watashangaa, maana mdomo wangu hauna breki. Lakini tangu Baba aanguke kwa kiharusi, kuna kitu ndani yangu kimezima. Silii, sigombani. Naamka, namgeuza Baba, nafua shuka, naenda kwa vyura, narudi kwa Baba. Basi.

Mtaani wanamwita Baba Vyura. Amefuga hawa vyura wa kucha miaka nenda miaka rudi, wale wanaoishi majini maisha yao yote, akiwauzia vyuo na watu wapendao kuwaweka nyumbani. Hakuwa na haraka na jambo lolote. Maji ya bomba aliyaacha pipani usiku kucha mpaka dawa iishe. Akiweka dume na jike pamoja, ndani ya tangi alitandika wavu, mayai yadondokee chini yake. Bila wavu, wazazi wangeamka na kuyafanya kifungua kinywa. "Usimwamini mzazi mwenye njaa," alikuwa akisema, halafu anacheka peke yake.

Na kabla ya kuwalisha aligonga ukingo wa tangi kwa kifundo cha kidole, mara mbili. Wakisikia mtikisiko ule wanapanda juu, midomo wazi. Hawana ulimi, chakula wanajisukumia kwa mikono, adabu hakuna. Nami nagonga hivyo hivyo, la sivyo hawaji, na vipande vya ini vinaozea chini.

Sasa Baba mwenyewe ndiye aliyekataa kufungua mdomo. Muuguzi alisema koo lake ni zima, kumeza anaweza. Ila kijiko kikimfikia anakaza midomo na kutazama ukuta. Nilimbembeleza, Shangazi akamkaripia kama mtoto, wapi. Tulikuwa tunamdondoshea maziwa pembeni mwa mdomo, na mengi yaliishia kwenye mto. Muuguzi akatuambia kwamba akirudi kesho akamkuta hivyo, atampeleka hospitali akawekwe mpira wa kulishia puani.

Kaka yake Baba alikufa na mpira ule. Tuliporudi kutoka kumzika, Baba aliniambia, "Mimi msije mkanifanyia vile." Aliniambia mimi, si mwingine. Kwa hiyo huo mzigo ulikuwa wangu, na nilikuwa nao kifuani hata pale nilipokuwa sihisi kitu kingine.

Siku hiyo jike alikuwa ametaga, mara ya kwanza tangu Baba aanguke. Niliyatazama mayai chini ya wavu, mengi, madogo, meusi upande mmoja. Zamani ningemwita Baba kwa sauti. Sikusikia chochote moyoni. Niliwahamisha dume na jike, nikagonga, nikalisha wote, nikanawa mikono, nikapeleka bakuli la uji chumbani kwa Baba. Shangazi alikuwa ameketi miguuni pake.

Nilikuwa nimechoka mpaka akili imelala. Nikachota uji, na kabla ya kuinua kijiko, mkono ukajiendea wenyewe. Nikagonga ukingo wa bakuli mara mbili.

Baba akafungua mdomo.

Nikamlisha. Akameza. Nikagonga tena, akafungua tena. Tulipofika nusu ya bakuli, hasira ikanipanda, kitu cha kwanza kunipanda baada ya wiki nyingi.

"Kumbe ndivyo," nikasema. "Mimi mwanawe nambembeleza hataki, nikimwita kama chura anafungua."

"Chura gani?" Shangazi akaniuliza. "Mama yako alipofariki uligoma kula. Ulikuwa mdogo mno, huwezi kukumbuka. Ulikaza midomo hivi hivi, macho ukutani. Sote tulishindwa. Baba yako akawa anagonga sahani mara mbili, halafu anangoja. Hakukulazimisha hata siku moja. Vyura wamekuja baadaye sana, mama. Hiyo ilikuwa yako."

Nilibaki nimeshika kijiko. Baba alikuwa ameacha ukuta, ananitazama mimi, uji ukimtiririka kidevuni. Akainua mkono wake mzima polepole, akagonga ubao wa kitanda. Mara ya pili haikusikika vizuri.

Nikadhani anataka zaidi. Nikampelekea kijiko. Akakaza midomo, akagonga tena, macho hayabanduki usoni pangu.

"Anakuambia wewe," Shangazi akasema. "Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni."

Nikafungua mdomo, nikala. Machozi yalinijia papo hapo nikiwa natafuna hewa, maana uji hautafunwi. Ulikuwa umepoa, na sukari nilikuwa nimesahau kuweka.