Miezi Minne ya Chumvi

Walburga alihesabu kwa chumvi. Katika nyumba zile mama mkwe hamwulizi mkwe wake habari za mwezini. Anatazama tu nani ametia chumvi chunguni. Mwanamke akiwa kwenye siku zake haigusi. Atapika mboga mpaka iive, kisha atamwita mwenzake aje atie, kwa sababu ilijulikana kwamba mwanaume akila chumvi ya mkono ule atashikwa na kikohozi kitakachomkausha mpaka kaburini. Padre alikuwa amewakaripia sana juu ya jambo hilo, akasema ni upuuzi. Wanawake walimsikiliza kwa heshima, vichwa wameinamisha, kisha wakarudi nyumbani wakaendelea.

Basi tangu mwanawe Kajetani alipouawa, mkwewe Lidwina alikuwa akitia chumvi mwenyewe kila siku. Mwezi wa kwanza ukaandama, ukafa. Wa pili. Wa tatu. Sasa ulikuwa wa nne, Julai, baridi ya Songea inauma mpaka kwenye meno, na hata mara moja Lidwina hakuwa ameita, "Mama, njoo unisaidie chumvi."

Walburga alijua maana yake. Hakusema kitu, maana mimba changa haitangazwi, lakini asubuhi akipiga magoti alimshukuru Mungu kwa jina la mtoto ambaye hajazaliwa.

Alikuwa mjane tangu ujanani, na Kajetani ndiye mtoto wake pekee aliyekua. Machi, askari wa Mdachi walipopita wakichoma maghala, Kajetani alikimbilia ndani kuvuta kapu la ulezi, akapigwa risasi mlangoni, na ulezi ukamwagika juu ya damu yake. Wanawake wale wawili waliuokota punje kwa punje, wakauosha, wakaula. Hilo Walburga hakumsimulia mtu.

Baada ya ulezi ule hapakuwa na kitu. Mashamba hayakulimwa, mbegu ziliungua, na wanaume waliobaki walikuwa wachache mno kufukuza nguruwe. Walburga alikwenda porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwituni, na akirudi na mitano, mitatu ilikuwa ya Lidwina.

"Mama, leo kula wewe. Mimi nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa? Kula, mwanangu. Mimi ni mzee, tumbo langu limeshasinyaa, halidai."

Lidwina alikula akitazama chini. Wakati mwingine, katikati ya baridi ile, jasho lilimtoka ghafla usoni na kifuani, akaifungua kaniki yake na kujipepea kama mtu aliyekaa jikoni kutwa. Walburga aliliona jasho hilo, akaona na tumbo linavyoanza kuvimba, akatabasamu upande. Joto la mtoto, alijisemea. Damu ya Kajetani ilikuwa ya moto siku zote.

Furaha yake ilikuwa na sababu nyingine ya zamani. Miaka miwili kabla ya vita, Lidwina aliota uvimbe chini ya kitovu, mgumu kama jiwe la kusagia, na damu ikamtoka siku arobaini bila kukata. Walburga na Kajetani walimbeba kwa zamu mpaka kwa bibi mmoja mganga, chini ya milima ya Matogoro. Yule bibi aliwaambia wazi kabla ya kuanza.

"Dawa yangu haina macho. Itaunguza uvimbe, na inaweza kuunguza kiota pia. Nianze?"

Kajetani alisema aanze. Walburga alisema aanze. Lidwina hakuwa na nguvu ya kusema lolote. Akanyweshwa mizizi iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi kama lami, akakalishwa juu ya mvuke wake siku saba, analia kama anayechomwa moto.

Akapona. Miezi miwili ikapita, na jioni moja sauti ndogo ikatoka jikoni: "Mama, njoo unisaidie chumvi." Walburga aliitia chumvi ile huku machozi yanamdondoka chunguni. Kiota kilikuwa kizima! Tangu jioni hiyo akawa anaitwa kila mwezi, siku nne au tano, na ingawa watoto hawakuja alingoja kwa moyo mweupe, mpaka siku ya ulezi.

Rupert alifika mchana wa Jumamosi. Alikuwa mtoto wa ndugu wa marehemu mumewe, kijana mrefu ambaye sasa mabega yake yalikuwa yametokeza kama kiango cha nguo.

"Hodi, mama mkubwa! Mmebaki wangapi humo, au naongea na panya?"

"Panya tumeshawala. Karibu, mwanangu."

Alikaa kwenye kizingiti, akaweka juu ya mkeka vitu alivyokuja navyo: majani makavu ya kunde, vipande viwili vya muhogo, na chumvi ya majivu imefungwa ndani ya jani. Kisha akasema bila kuzunguka. Mke wake na watoto wawili walikuwa ardhini tangu Aprili. Yeye anaondoka kesho asubuhi kwenda ziwani, kwa Wanyasa, ambako inasemekana mihogo haikuchomwa na samaki wapo. Siku sita kwa miguu.

"Nimekuja kumchukua mke wa ndugu yangu. Desturi inajulikana. Tukimpata padre huko atatufungisha, mimi sitaki maneno na kanisa. Nyumba yangu imenyamaza, mama mkubwa. Nataka kusikia watoto tena."

"Huyu haendi popote," Walburga alisema. "Ana mimba ya Kajetani. Mwezi wa nne."

Rupert alimtazama Lidwina, akatazama tumbo. "Mimba? Katika njaa hii?"

"Mungu hajawahi kuomba ruhusa kwa njaa."

"Ni kweli." Akajifuta uso kwa kiganja. "Basi siwezi. Siku sita na mwenye mimba, nitamzika njiani. Nimeshazika watatu, mikono yangu imechoka. Nipikieni hicho nilicholeta tule wote, kesho nitashika njia peke yangu."

Akainuka kwenda kuliona kaburi la Kajetani, nyuma ya ghala lililoungua.

Alipotoweka, Lidwina aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea muhogo.

"Mama. Hakuna mtoto."

Walburga alidhani ameharibu mimba. "Lini? Leo? Mbona hukuniita?"

"Hajawahi kuwapo." Akachukua kidole cha mama mkwe wake, akakibonyeza kwenye muundi wa mguu wake mwenyewe. Kilipoondolewa, shimo lilibaki palepale kwenye ngozi. "Unaona? Ni uvimbe wa njaa, kama wa miguu yako. Na tumbo ni hilohilo."

"Na chumvi? Miezi minne unatia chumvi!"

Maneno yakamtoka Lidwina haraka, kana kwamba akipunguza mwendo yatakwama.

"Tangu dawa ya bibi wa Matogoro sijaona hata tone. Kajetani ndiye aliyenifundisha kukuita. Alisema wazee wa ukoo wakijua watamletea mke wa pili, naye ameshaapa altareni. Na wewe ukijua utalia, utasema ndiwe uliyekubali dawa. Tukawa tunatazama mwezi. Ukifika nusu, nakuita siku nne. Mwezi mwingine tano, usiingiwe na shaka. Hili joto si la mtoto, mama, linanipanda tangu siku zile, hata Kajetani yu hai. Mifupa inaniuma kama nimepigwa. Mume wangu akinijia ilikuwa kama kuchanwa, nikauma shuka asisikie. Nina miaka ishirini na minne, na huu mwili ni mzee kuliko wako."

"Na alipokufa?"

"Alipokufa nilisahau. Sikuona tena wa kumficha wala cha kuficha. Nikatia chumvi tu. Nilipokuja kugundua unahesabu, ulikuwa umeanza kucheka tena."

Walburga hakukusudia kusema alichosema. "Na chakula changu ukala."

"Nilikula," Lidwina alijibu. "Nilikuwa na njaa."

Moto ulihitaji kuni. Walburga aliongeza moja, akapuliza, moshi ukamwingia machoni, akauacha umwingie. Mwanawe alikufa mara ya pili pale jikoni, na safari hii hapakuwa na maiti ya kuosha. Miezi minne alikuwa amemlisha mtu ambaye hayupo.

Lakini alikuwa mwanamke aliyezoea kutazama mambo mpaka mwisho wake, akatazama na hili. Rupert akiamini kuna mimba, atamwacha Lidwina hapa. Rupert akiambiwa ukweli wote, atamwacha vilevile, maana ametaka watoto, na hakuna mtu atakayegawana muhogo wa siku sita na mwanamke asiyezaa. Kwa njia zote mbili Lidwina angebaki, na kabla ya mvua za Novemba wangekuwa wamekwisha wote wawili. Alilipindua jambo hilo huku na huku kama anayetafuta mlango kwenye ukuta.

Mboga iliiva. Rupert alikuwa amesharudi, amekaa karibu na jiko akiota moto. Lidwina alinyoosha mkono kuchukua lile jani la chumvi.

Walburga alimtangulia. Alilifungua jani, akachukua chumvi kwa vidole vitatu, akatia chunguni, akakoroga. Hakuharakisha. Lidwina alibaki na mkono hewani, kisha akaurudisha mapajani.

Rupert aliona. Mwanaume yeyote wa pande zile angeona.

"Nani ametia chumvi?"

"Mimi."

"Na yeye?"

"Nilikosea kuhesabu, mwanangu. Uzee. Leo ameniita."

Rupert alimgeukia Lidwina, naye akainamisha uso, na jasho lake la ghafla likamtoka, likawa kama aibu ya mwanamke aliyetajwa mambo yake mbele ya mwanaume. Rupert alicheka kidogo, kicheko kilichosahau njia.

"Mama mkubwa nawe! Ulitaka kuninyima mke kwa hesabu mbovu? Basi ni mzima. Kesho tunakwenda wote."

Wakala. Walburga hakupata ladha yoyote.

Rupert alipotoka kwenda kukaza kamba za mzigo wake, Lidwina alimsogelea. "Mama, umemdanganya. Anataka watoto."

"Najua anachotaka."

"Atakuja kujua."

"Na ajue. Ajue ukiwa umeshakula mihogo miezi sita. Akikufukuza utakuwa na miguu ya kuondokea."

"Na dhambi?"

"Hiyo niachie mimi. Wewe usiseme kitu, utakuwa hukusema uongo."

Asubuhi, umande ukiwa bado mweupe kwenye majani, Rupert alisimama mlangoni. "Nawe, mama mkubwa?"

Walburga alivuta kaniki, akamwonyesha miguu yake, imevimba mpaka vifundo havionekani. Rupert aliitazama, akasema atarudi na unga wa muhogo kabla ya mvua. Walburga alisema sawa, atamngoja. Lidwina alipiga magoti mbele yake kuaga, akakishika kiganja chake, hakukiachia mpaka Rupert alipomwita mara mbili.

Wakaenda, Rupert mbele na mzigo, Lidwina nyuma, mwembamba, anajipepea kwa ncha ya nguo katika baridi ile.

Walburga aliingia ndani, akapiga magoti pale alipopigia kila siku. Misheni iliyochomwa vitani ilikuwa bado magofu na padre hakuwa amerudi upande wao, kwa hiyo alitaka angalau aseme sala ya kutubu peke yake. Akaianza vizuri. Alipofika mahali pa kuahidi kwamba hatatenda tena, alinyamaza. Alijua kwamba kama Rupert angerudi saa ile na kuuliza tena nani ametia chumvi, angejibu vilevile, bila kupepesa jicho. Naye hakuwa na mazoea ya kumwahidi Mungu neno asiloliweza.

Akaiacha sala pale katikati. Akawaombea wasafiri maji njiani.