Baba Anatoka Vizuri Zaidi kwenye Kipepeo

Jumapili mchana, baada ya vyombo kuondolewa mezani, mwana wa kwanza wa mjane aliifuta simu yake mpya kwa ncha ya shati, akaiweka katikati ya meza. Ilikuwa Kipepeo, toleo lililoingia madukani mwezi ule, na alikuwa amekula mlo mzima bila kuitaja, jambo ambalo halikuwa rahisi kwake. Dada yake naye akatoa ya kwake kwenye mkoba, akaiweka pembeni. Ilikuwa Nanga. Alikuwa mtu wa Nanga tangu simu yake ya kwanza, na mumewe alipojaribu kumletea Kipepeo kama zawadi aliambiwa airudishe dukani ingali kwenye karatasi yake ya maua.

Ubishi wao haukuwa wa watu wasiojua wanachosema. Kaka aliendesha mtambo kwenye kiwanda cha uchapaji na aliweza kukuambia wekundu wa tangazo umezidi kiasi gani. Dada alikuwa msusi, na kazi yake yote ilikuwa unywele mmoja mmoja. Kila mmoja aliamini mwenzake ana macho mazuri ila ameyakabidhi kwa simu mbaya.

"Tupige kitu kimoja, tulinganishe," kaka alisema.

"Chagua wewe. Usije ukasema nimekuonea."

Akachagua kona ya sebule, mahali palipokuwa na kiti cha marehemu baba yao, kiti cha mbao chenye mikono mipana na mto wa kijani uliobonyea katikati. Mwanga pale ulikuwa hafifu, na mwanga hafifu ndio unaoziumbua kamera. Kila mmoja akapiga. Kwenye Nanga kilitoka kiti. Kwenye Kipepeo kilitoka kiti, na baba yao amekikalia, amevaa shati la khaki la mifuko miwili, anatazama dirishani. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

"Umeona sasa," kaka alisema. "Hiyo ndiyo khaki. Haijazidisha njano hata kidogo."

Dada aliipanua picha kwa vidole viwili, akamtazama baba yake kwa muda. Kisha akasema nywele za kisogoni zimevurugika, zinaonekana kama zimepakwa kwa brashi, na kwamba yeye hawezi kuacha simu nzuri kwa ajili ya picha moja. Lakini iliingia moyoni. Yeye ndiye aliyekuwa kipenzi cha baba, na sasa baba anatoka kwenye simu ya mtu mwingine.

Haikupita wiki Nanga ikaleta programu mpya ya kamera. Dada aliipakua pale pale saluni, mteja akiwa na povu kichwani, na alipomaliza kumsuuza akaja nyumbani kwa mama yake moja kwa moja. Akapiga. Baba akatoka, anasoma gazeti, na mvi zake ungeweza kuzitenganisha. Ni kweli shati lilitoka na rangi ya majivu. Kaka aliletewa picha hiyo kiwandani, akaiangalia kando ya mtambo, akasema ni mwanzo mzuri kwa kampuni inayojikongoja.

Kuanzia hapo kila Jumapili ikawa siku ya majaribio, na mambo mengi yakajulikana. Ilijulikana kwamba kwenye Kipepeo marehemu hutazama dirishani na kwenye Nanga husoma gazeti, na kwamba gazeti ni la zamani. Ilijulikana kwamba jua likiingia moja kwa moja hatoki kabisa, simu iwe ya nani. Jirani mwenye simu ya bei rahisi alijaribu akapata kofia peke yake, imening'inia juu ya mto. Watu wa Kipepeo wa mtaa mzima walikuja kuona, na watu wa Nanga nao wakaja ili wale wasione peke yao. Walikaa pande mbili za sebule, wakisalimiana kwa adabu na kuangaliana simu kwa kijicho.

Mjane aliyapokea haya kama alivyopokea ugeni wowote, kwa kuongeza viti. Aliuliza tu kama marehemu anaonekana amepungua. Wakamwambia hapana, tena kwenye Nanga amenenepa kidogo, na hilo ni tatizo la lenzi.

Jumapili moja aliingia sebuleni amevaa gauni la bluu ambalo watoto walilijua kwa sababu lilikuwa likitoka kabatini kwa nadra. Alikuwa amebeba kigoda cha jikoni. Akakiweka kando ya kiti cha mumewe, akakaa, akavuta gauni lifunike magoti.

"Nipigeni naye," alisema. "Sina picha niliyokaa naye."

Hilo lilikuwa kweli, na sababu yake ilikuwa ndogo. Walipokuwa wameoana karibuni mumewe alinunua kamera, akampa aishike, akaona mikono yake haitetemeki. Basi ikawa kazi yake. Aliwapiga watoto walipoota meno na walipoyang'oa. Alimpiga mumewe na wageni wake, mumewe na wakubwa wake wa kazini, mumewe na gari la jirani lilipokuwa jipya. Katika albamu zote za nyumba ile yeye alitokea mara moja, kidole gumba, pembeni mwa picha ambayo mumewe anapeana mkono na meneja wa stoo. Kwa miaka yote hiyo hakuwa amelalamika. Alidhani zamu yake ingekuja tu, na ilimuuma ilipofika siku ya msiba akagundua kwamba haikuwa imekuja.

Wakapiga. Kwenye Kipepeo alitoka baba, dirisha, na kando yake kigoda kitupu. Kwenye Nanga alitoka baba, gazeti, na kigoda kitupu.

"Nanga yako imemfuta Mama," kaka alisema.

"Na Kipepeo yako je? Iko wapi Mama hapo?"

"Hii imeona giza. Mama, sogea kidogo."

Akasogea. Wakampiga kwa taa, wakampiga bila taa, wakampiga kwenye mlango wa uani ambapo mwanga ni mzuri kwa kila mtu. Ulitoka mlango. Wakamfuata jikoni, na huko picha zilipendeza kweli. Kwenye Kipepeo sufuria ilitoka imeinuka juu ya jiko, mfuniko hewani, na mvuke umekatwa vizuri mpaka kaka akaichagua kuwa picha ya mbele ya simu yake. Kwenye Nanga pasi ilitoka imesimama juu ya mkono wa shati, haijashikwa na mtu, na dada akaonyesha jinsi uzi wa kola unavyoonekana. Wote wawili walikubaliana kwamba kwa vitu visivyotulia simu za siku hizi zimepiga hatua.

"Na mimi?" mjane aliuliza.

Wakaenda kumwita fundi simu wa kwenye kona. Fundi huyu alitengeneza Kipepeo na Nanga kwa mikono ile ile na hakuwa na upande, kwa hiyo hakuaminiwa na upande wowote. Alikaa, akazipekua simu zote mbili, akaomba na albamu za zamani akazifungua ukurasa kwa ukurasa. Alichukua muda. Alipenda sana picha ya lile gari la jirani.

"Mama, tatizo si simu," alisema. "Hizi za siku hizi hazikutoi hivi hivi. Zinapekua kwanza picha zote za nyuma, zikishamjua mtu ndiyo zinamtoa. Mzee zinamjua vizuri, yumo kila mahali. Wewe humo."

"Kidole changu kimo."

"Kidole hakitoshi, Mama."

"Kwa hiyo nifanyeje, mwanangu?"

"Wakupige kila siku, hata kama hutoki. Ukikaa, ukipika, ukienda dukani. Wasichoke. Polepole zitakuzoea, utatoka." Kisha akawauliza watoto kama hawahitaji makava mapya, maana anayo ya simu zote mbili.

"Ataanza kutoka kwenye ipi?" kaka na dada waliuliza karibu kwa pamoja.

Fundi akasema hilo hawezi kujua, na kwa neno hilo mashindano yakaanza. Zilikuwa siku nzuri kwa mjane. Kaka alipita asubuhi kabla ya zamu, akampiga akifagia. Dada alifunga saluni mapema, akampiga akichambua mchele. Walimwambia ageuke, ainue kidevu, acheke. Walimuuliza ni upande gani wa uso anaoupenda, na ndiyo kwanza anaulizwa jambo hilo. Alianza kujipaka mafuta mikononi baada ya kuosha vyombo. Picha ziliendelea kutoka na ufagio uliosimama wenyewe na ungo unaoelea, lakini alizitazama zote, moja moja, akijitafuta.

Kilichotokea kwanza ni kiwiko. Kilitoka kwenye Nanga, juu ya meza, kimekunjwa, na mjane akakitambua kwa alama ya mafuta yaliyomrukia zamani akikaanga. Alifurahi sana. Aliomba aachiwe simu kidogo, akaenda nayo dirishani, akakitazama kiwiko chake mpaka kioo kikazima, akamwita binti yake aje akiwashe tena. Baada ya siku chache likaonekana na bega.

Kaka hakulala vizuri. Alikiri kwamba kiwiko ni kiwiko, lakini akasema kwenye Nanga kimetoka cheusi mno. Na kwa vyovyote Kipepeo nyingine ilikuwa njiani. Alikuwa amesoma kwamba hiyo itamjua mtu yeyote yenyewe, bila kusumbuana na ungo na mifagio.

Ilipofika madukani aliingia kwenye foleni tangu alfajiri. Haikumtoa mama. Ila ilimtoa baba kwenye video, anapumua. Shati la khaki lilipanda na kushuka. Mara moja alijikuna sikio, na mzee mmoja wa upande wa Nanga akatoka nje akasimama barazani peke yake kwa muda.

Kwa dada hilo lilikuwa pigo. Aliirudia Nanga yake kwa ari mpya, akatafuta mpangilio huu na ule, na baada ya majaribio mengi akampata baba akigeuza ukurasa wa gazeti, na sauti ya karatasi ikasikika, kitu ambacho Kipepeo haikuwa nacho. Sasa wakawa wanabishana kati ya pumzi na sauti. Video ni nzito, simu zikaanza kujaa, na kila zilipojaa zilileta ujumbe kwa upole kuuliza ni vitu gani vifutwe. Picha za vigoda vitupu zilikuwa nyingi, tena zote zinafanana.

"Leo hamnipigi?" mjane aliuliza Jumapili moja, gauni la bluu likiwa tayari mwilini.

"Kesho, Mama. Simu imejaa," binti yake alisema. "Nikipata nafasi tu."

Bega lilikuwa limeshaondoka wakati huo. Kiwiko kilibaki siku kadhaa zaidi, kikififia, kisha meza ikatoka meza.

Mwishoni mwa mwaka watu wa pande zote mbili walikuwa wamechoka kidogo, na kaka na dada wakapatana. Walikubaliana kwamba Kipepeo ina rangi na Nanga ina nywele, na kwamba mtu mwenye akili anaweza kuishi na hilo. Ili kuyafunga maneno wakaamua ipigwe picha moja ya ukoo wote na baba katikati, kwa simu zote mbili, wakati mmoja. Wakaja wote, wakwe na wajukuu, wamevaa vizuri. Mjane alitoka chumbani wa kwanza na gauni lake, akaweka kigoda mahali pake kando ya kiti, akakaa.

"Mama," kaka alisema taratibu, kwa sababu alimpenda mama yake, "hapo patatoka pengo katikati ya watu. Itaharibu picha."

"Nitatulia sana," mjane alisema.

"Kutulia hakusaidii, Mama. Tupigie wewe. Hakuna mwenye mkono kama wako."

Akainuka. Mjukuu mdogo akakaa kwenye kigoda. Mjane akasimama mbele yao, Kipepeo mkono wa kulia, Nanga mkono wa kushoto, na watu wote walisema kwamba ni kweli, hazitikisiki hata kidogo.

Alimtafuta mumewe kwenye kioo cha kwanza, kisha kwenye cha pili. Hakuwa anatazama dirishani. Hakuwa na gazeti. Kwenye simu zote mbili alikuwa amegeuza uso mbele na anamtazama yeye aliyeshika, macho kwa macho, kama mtu aliyekumbuka jambo. Mjane akangoja. Watu walidhani anapanga picha. Akamwona anainua mkono kutoka kwenye mkono wa kiti, polepole, anaunyoosha kuelekea kwake, juu ya kichwa cha mjukuu, na moyo ukamwenda mbio, kwa kuwa hakuna mwingine pale aliyeweza kumwambia njoo ukae. Akapiga hatua moja mbele ili aone vizuri.

Mkononi alikuwa ameshika kikombe. Kwenye Kipepeo kilitoka cheupe, na kwenye Nanga kilitoka cheupe vile vile. Marehemu alikuwa amekiinamisha kidogo, ionekane kwamba hakina kitu.

Mjane akabonyeza kote kuwili. Akaziweka simu mezani, akavua hereni, akaenda jikoni.

"Mama, imetoka?" dada aliuliza.

"Imetoka."

Wakazikusanyikia simu, wakaanza kubishana weupe wa kikombe. Jikoni maji yalikuwa yameanza kuingia kwenye birika.