Kasuku wa Inspekta

Watu wa Garissa husema Batula ana moyo mgumu. Ni kweli, na sikuuokota njiani. Mwaka wa sitini na sita, wakati wa vita vya shifta, Inspekta wa polisi alikuja kisimani kwetu na malori mawili ya askari, akasema maziwa ya ngamia wangu yananywewa na shifta, wale waasi wa porini. Nikamwambia yananywewa na wajukuu wangu. Akaanza kupiga risasi. Ngamia wakatawanyika, na mimi mjinga, kwa uchungu, nikamwita Hareed, yule ngamia niliyemlea kwa mkono tangu mama yake afe. Alizoea sauti yangu. Akageuka, akanijia, na Inspekta akampiga risasi akiwa hatua tatu tu kutoka nilipo. Tangu siku hiyo nilitaka na yeye aite mnyama wake, asiitikiwe. Wallahi, sikutaka kitu kingine duniani.

Baadaye tulifungiwa kijijini ndani ya seng'enge, karibu na mji, na kutoka ni kwa kibali. Kibali changu kilikuwa cha kufagia nyumba ya Inspekta. Yeye hakunikumbuka hata kidogo. Kwake nilikuwa Mama Batula wa ufagio, basi. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini nani angemfundisha methali mtu yule?

Mwezi wa pili wa kufagia kwangu akarudi kutoka likizo Nairobi na tundu la waya. Ndani yake kasuku mdogo, ngumi hajazi, mwili kijani, kichwa manjano. Alimnunua kwa mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao.

"Akiwa mchanga hivi hufugika upesi," akaniambia, amejaa furaha kama bwana harusi. "Atakaa kidoleni. Hata kusema atasema!"

Alipewa pia kijitabu cha kufuga ndege. Jioni alikisoma kwa sauti, mimi nafagia huku nasikiliza. Ndege asiwekwe juani wala penye moshi wa jiko. Ale uwele na majani mabichi, maji yabadilishwe kila siku. Mkono usimjie kutoka juu, maana mwewe naye hutoka juu.

Kusoma alisoma. Kufanya, ebo! Siku ya pili tu alitia mkono tunduni akamkamata mzimamzima. Akaumwa kidole, akapiga kelele, ndege akatoka, Inspekta akamkimbiza chumba kizima na taulo. Haraka haraka haina baraka, na mimi sikumwambia. Kila alipokosea roho yangu iliburudika. Wiki haikuisha, ndege akawa anajibanza pembeni akisikia tu buti zake mlangoni.

Hapo nikaona njia yangu. Kumuua yule ndege ningeweza kwa vidole viwili, lakini hakunikosea kitu. Nilitaka awe wangu.

Inspekta akitoka, nilikaa chini kando ya tundu, kimya, bila kumkazia ndege macho. Mnyama humfukuzi. Unamkalia mpaka yeye akufuate. Siku ya kwanza nikamtilia maziwa kwenye kikombe chake, maana mgeni utampa nini? Astaghfirullahi, akaharisha mpaka nikaogopa. Nikarudi kwenye uwele na maji. Kila asubuhi, kabla hajala, nikaweka kiganja mlangoni chenye punje, nikamwimbia wimbo tunaowaimbia ngamia wakinywa maji. Siku ya tisa akapanda. Nilisikia vikucha vyake kiganjani, na loo, nikashikwa na furaha niliyokuwa nimeisahau. Nikajikasirikia mwenyewe. Nikaendelea.

Ikafika siku Inspekta amewaalika wakubwa wenzake chai, anajisifu kwamba ndege wake amefugika. Mimi naleta vikombe. Akafungua tundu, akanyoosha kidole.

"Njoo! Njoo!"

Ndege akaruka, akampita sikioni, akatua begani kwangu. Wageni wakacheka mpaka chai ikamwagika. Akaita tena. Ndege akaingia ndani ya shungi langu. Nilimtazama Inspekta usoni, uso umemsawijika, na siwadanganyi, nilisikia utamu.

Wageni walipoondoka akaniuliza nimemfanya nini ndege wake.

"Nimemwita," nikasema. "Kama nilivyomwita ngamia wangu kisimani, ukampiga risasi."

Nilimwona akikumbuka, kidogo kidogo, kisima na malori na mimi. Halafu akanifukuza kazi palepale.

Siku ya nne Awil, askari kijana wa kwetu aliyelinda lango la kijiji, alikuja kibandani kwangu na tundu mkononi.

"Eeddo Batula," akasema, maana ndivyo tunavyomwita shangazi, "ndege hali tangu uondoke. Inspekta anakuomba umlishe, akipata nguvu umrudishie."

"Anaomba?"

"Anaomba, wallahi."

Haya! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nikafungua tundu. Ndege amekonda, mfupa wa kifua umechomoza, lakini nilipomwimbia alikula kiganjani bila kusita. Nikamrudishia Awil tundu tupu.

"Mwambie amekufa," nikasema kwa Kiswahili, ayapeleke maneno yangu yalivyo.

Awil akamtazama ndege, akanitazama mimi. "Eeddo, huo ni uongo."

"Kiswahili changu kibovu," nikamwambia, "lakini hilo nimelisema sawasawa. Nenda."

Akaenda. Ngamia wa baba yake nao waliuawa.

Alasiri Inspekta akaja mwenyewe, kwa miguu, bila kofia. Nilimsikia akiulizia kibanda changu. Haraka nikamtia ndege kikapuni, nikakifunika kwa kitambaa kizito, kwa kuwa gizani ndege hawa hunyamaza. Nikatoka nje.

"Umemzika wapi?"

Nikamwonyesha nyuma ya kibanda, pale nilipofukia majivu ya jiko asubuhi. Akachutama. Mtu mzima, bastola kiunoni, akalilia majivu yangu.

"Nyumba imekuwa kimya," akasema. "Sikujua mnyama anaweza kumuuma mtu moyoni hivi. Mama Batula, nisamehe yale ya kisimani."

Kumbe neno hilo nalo nililingoja miezi yote ile. Nilidhani likija nitashiba. Sikushiba. Ndege alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, na kusema "ingia umchukue" kulinifika kwenye ncha ya ulimi. Nikamkumbuka Hareed akinijia mbio, nikayameza maneno yangu.

"Walikuwa wangapi?" akauliza. "Ngamia wako."

"Mifupa yao iko kisimani bado," nikamjibu. "Nenda kahesabu."

Kesho yake usiku Awil aliniambia askari wa doria wamemwona Inspekta: amechukua gari peke yake, amekwenda kule kisimani, na ameshinda juani akipita kutoka mfupa hadi mfupa mpaka magharibi. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Na ndege sikumrudishia.