Vipimo vya Wifi

Kwa miaka minne mimi na wifi yangu tulikuwa hatusemezani, na kosa lilitoka kinywani mwangu.

Yeye ni mke wa kaka yangu, lakini kabla hajawa wifi alikuwa rafiki. Tulisomea ualimu wa sayansikimu chuo kimoja, tukalala chumba kimoja, tukaunguza sufuria moja. Mimi ndiye niliyempeleka nyumbani likizo ya pili akaonana na kaka, na mimi ndiye niliyemshonea gauni la harusi. Siku hizo aliniita Gramu, kwa sababu sikuweza kupika hata uji bila kupima unga kwenye mizani. Wanafunzi wangu hawalijui jina hilo, na afadhali.

Mama alipozeeka alihamia kwa kaka. Alikuwa na shinikizo la damu. Mimi nilifundisha mji mwingine, safari ya saa sita kwa basi, kwa hiyo mchango wangu ulikuwa kutuma maagizo: karatasi nzima ya mlo wa wiki, kila kitu kwa gramu, na chini kabisa, kwa wino mwekundu, CHUMVI HAKUNA. Wifi aliibandika ukutani jikoni.

Mama akafariki kwa kiharusi. Nilifika msibani sijala wala sijalala, nikaingia jikoni walipokuwa wanawake wa ukoo wakimenya viazi. Mmoja wao akasema, kwa kunifariji tu, kwamba angalau marehemu alikula vizuri asubuhi ile: yai la kuchemsha na chumvi kidogo. Nikamgeukia wifi.

"Na wewe ni mwalimu wa lishe," nikamwambia. "Umemuua mama yangu kwa kijiko."

Visu vikasimama. Wifi alikiweka kiazi chake kwenye beseni, akafuta mikono, akatoka. Tangu siku hiyo, kaka akitaka kunipigia simu alinipigia akiwa kazini.

Mwaka huu chama cha walimu wa somo letu kiliitisha mkutano wa siku tatu wa kutunoa, kwenye chuo kimoja chenye ukumbi mkubwa na karakana ya ushonaji. Tulikuwa mia moja na ishirini. Nikiwa kwenye foleni ya kujiandikisha nilimwona watu sita mbele yangu. Alikuwa amepungua, nywele amezikata fupi kabisa. Aligeuka, macho yetu yakagongana, kila mmoja akaangalia pembeni kama tuliofumaniwa. Siku nzima ya kwanza, yenye mihadhara ya kuhifadhi vyakula na kusoma vibandiko vya makopo, tulikaa kila mtu pembe yake.

Siku ya pili ikawa zamu ya karakana. Mwezeshaji alikuwa bwana mmoja mrefu, fundi cherehani wa siku nyingi aliyegeuka mkufunzi, mkanda wake wa kupimia umening'inia shingoni kama tai.

"Leo tupeni majedwali ya saizi," alisema. "Tunawafundisha watoto kushona namba kumi na mbili. Mimi nimeshona miaka thelathini na mitano, sijawahi kukutana na mtu anayeitwa namba kumi na mbili. Mtakaa wawili wawili, mpimane, mchore pateni ya karatasi, mkate, mshone kiwiliwili cha gauni."

Wawili hao alishawapanga kwa orodha ya usajili, na orodha ilifuata jina la ukoo. La kwangu na la wifi ni moja: mimi nilizaliwa nalo, yeye aliolewa nalo.

Tulikutana kwenye meza ya tisa. Palikuwa na karatasi, chaki, mkasi, boksi la pini na mita mbili za kitambaa cheupe cha bei rahisi.

"Hujambo," nikasema.

"Sijambo. Nani anaanza?"

"Nikupime wewe."

Alisita kidogo, kisha akavua sweta, akasimama wima akitazama dirishani. Nilianza na mabega, nikaandika. Mgongo, nikaandika. Nilipouzungusha mkanda kifuani, kitu kikasogea chini ya blauzi upande wa kushoto, kikapanda hadi karibu na kola. Wifi akakirudisha chini kwa kiganja, bila haraka, kama mtu anayesukuma miwani iliyoteleza puani.

"Ni soksi," akasema. "Ya kaka yako. Imefuliwa, usiogope."

Nilibaki nimeushika mkanda.

"Lini?"

"Mwaka juzi, mwezi wa nne. Waliondoa ziwa lote."

Mwezi wa nne mwaka juzi nilikumbuka vizuri. Kaka alinipigia akaniomba niwachukue watoto likizo nzima, bila kusema sababu. Nikamjibu nina mitihani ya kusahihisha. Nilijua anatumwa na mkewe, na jibu lile nilijiona nimelitoa kwa ushujaa.

"Kaka hakuniambia," nikasema.

"Nilimkataza. Nilimwambia, Gramu akijua atanitumia karatasi ya mlo."

Sikujua nicheke au nilie. Nilifanya yote mawili, na yote mawili vibaya, mpaka meza ya nane wakageuka kutuangalia.

"Andika bwana," akasema wifi kwa sauti ya chini. "Tutachelewa kukata."

Nikapiga mstari katikati ya ukurasa, kulia na kushoto. Kulia, kutoka begani hadi ncha ya ziwa. Kushoto, kutoka begani hadi mbavuni, moja kwa moja. Nilipofika mikononi nikapima wa kulia nikahamia kiuno, naye akanirudisha.

"Na huu pima. Tangu waliponitoa tezi za kwapani, huwa unavimba."

Ulizidi wa kulia kwa sentimita mbili. Blauzi aliyovaa ilikuwa imemwachia alama nyekundu juu ya kiwiko. Mwalimu wa ushonaji, anabanwa na nguo yake mwenyewe.

"Wifi," nikasema, "naomba unisamehe."

"Shika mkanda."

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli, shika mkanda. Yale maneno hukuyasema kwenye meza ya chaki. Uliyasema mbele ya ukoo mzima, wanamenya viazi. Miaka minne nikienda harusini, nikienda msibani, mtu akinipokea sahani naona anaichungulia kwanza. Msamaha wa kuninong'oneza siutaki."

Tukachora. Kazi yenyewe ilitutaka tuzungumze, na ndiyo iliyotuokoa. Pateni ya kawaida unachora nusu, unakunja kitambaa, unakata pande mbili kwa mpigo mmoja. Sisi ilibidi tuchore nusu mbili tofauti. Upande wa kushoto tukauondoa mkunjo wa kifuani, ule unaoipa nguo nafasi ya ziwa, na shimo la mkono tukalishusha lisimkwaruze kwenye kovu. Ndani tukashona mfuko mdogo wa pamba wa kutia kijazio, kwa sababu soksi ni nyepesi, na nguo upande huo ilikuwa inapanda juu.

"Tutie nini chenye uzito?" nikauliza.

"Mchele. Siku mshahara ukichelewa naupika."

Nikacheka mpaka pini zikanimwagika. Ilikuwa sauti yake ileile ya chumba chetu cha chuoni.

Wakati wa chakula cha mchana nilitoka na simu hadi kwenye veranda, mahali pa kunawia mikono. Nikamwita wifi asimame karibu. Nikampigia mama mkubwa, dada wa marehemu mama. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao jikoni siku ile. Jambo likimfikia yeye, kabla ya jua kuzama limefika kwa ukoo wote. Nikaweka sauti ya nje, wifi naye asikie.

"Mama mkubwa, shikamoo."

"Marahaba. Nani?"

Nikajitambulisha, nikamwambia niko mkutanoni na nina neno kuhusu chumvi.

"Chumvi? Huko mkutanoni hamna chumvi?"

Masikio yake yamechoka siku nyingi. Nikapandisha sauti. Hakusikia. Nikajikaza kisabuni, nikapiga kelele:

"Nasema nilimsingizia wifi! Siku ya msiba! Hakumuua mama! Alimtunza vizuri kuliko mimi! Waambie wote!"

Foleni ya chakula ilikuwa hatua kumi kutoka pale. Walimu zaidi ya hamsini, sahani mkononi, wote wamenigeukia. Mpishi naye alisimama, upawa hewani.

"Karanga," mama mkubwa akasema mwishowe.

"Nini?"

"Kila Ijumaa nilimpelekea mdogo wangu karanga za chumvi. Nilizificha kwenye pochi, chini ya leso. Aliniambia, dada, mkamwana wangu ananipenda, lakini chakula chake kama cha wodini." Akavuta pumzi. "Ulipomsema yule binti jikoni, nilijua kama kuna mkono, basi ni wangu. Nikanyamaza. Nikaendelea kumenya viazi. Yupo hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Wifi alizima sauti ya nje, akaenda nayo hadi mwisho wa veranda. Alikaa huko muda mrefu, mgongo kwetu. Nilimwona anatikisa kichwa, kisha anaegemea nguzo, kisha anafuta uso kwa ukingo wa sweta. Mpaka leo hakuna anayejua kama ni karanga, ni yai, au ni miaka themanini na moja tu. Daktari aliyemwona mama hakutaja chakula hata mara moja. Mimi ndiye niliyetaka pawe na mtu wa kulaumiwa, na nilimchagua aliyekuwa karibu na jiko.

Aliporudi, macho mekundu, alinikabidhi simu.

"Anasema zile karanga mama alikuwa anazimaliza peke yake," akasema. "Hata yeye mleta hakuonjeshwa."

"Na mimi nilijua anafuata karatasi yangu."

"Karatasi yako siku tatu za mwisho ilimfanya asile kabisa, Gramu. Alikuwa anageuza uso. Ndiyo nikachemsha yai, nikanyunyiza chumvi punje tano sita, akala lote. Akaniuliza kama kuna lingine."

Hilo sikuwa nimewahi kuambiwa, kwa sababu sikuwa nimewahi kuuliza. Tulikula tukiwa tumekaa kwenye ngazi, sahani magotini, wala sikumbuki tulikula nini.

Siku ya tatu kazi zote zilitundikwa mbele ya karakana, na mwezeshaji akapita akizisifu na kuzikosoa. Alipofika kwetu alikiinua juu kiwiliwili chetu kila mtu akione.

"Hapa meza ya tisa, upande mmoja mmesahau mkunjo."

Nilitaka kusimama nimnyang'anye, lakini wifi aliniwahi.

"Hatujasahau," akasema. "Ndivyo nilivyo."

Yule bwana alielewa. Alikishusha kitambaa kwa mikono miwili, taratibu, akakilaza mezani.

"Mwalimu," akasema, "niwie radhi. Kushonea mwili wa hivi sikuwahi kufundishwa. Ukiwa radhi, tufundishe."

Wifi alinitazama. Sikutikisa kichwa wala kumkonyeza. Nilishamwamulia mambo ya kutosha. Akaivuta pateni, akaenda mbele, akaibandika ubaoni. Alifundisha robo saa. Alianza kwa sauti ndogo, akashika kasi, na alipofika kwenye ule mchele watu walivunjika mbavu. Niliogopa watamwuliza habari za ugonjwa. Walimwuliza habari za kazi: huo mfuko unafuliwaje, kitambaa gani hakichomi, mshono wa kwapani ukae mbele au nyuma. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa hajafungua kinywa siku zote tatu, alinakili vipimo vyote, kisha akasema vya kwake vitakuwa kinyume, kwa sababu yeye ni upande wa kulia.

Tulipoagana getini wifi alibeba kiwiliwili, mimi nikabeba pateni. Nilimwahidi gauni kamili ndani ya wiki mbili. Nililishona jioni baada ya vipindi, kwa kitambaa cha rangi ya zambarau alichonichagulia kwa picha za simu baada ya kukataa kumi na moja. Nikalituma kwa basi.

Siku ya pili akapiga simu mwenyewe.

"Limenikaa," akasema. "Kifua kimetulia, hata kaka yako amekaa ananitazama kama mgeni. Lakini mkono wa kushoto unanibana."

"Haiwezekani. Niliongeza sentimita mbili na nusu."

"Ulinipima asubuhi. Asubuhi mkono ni huu, jioni ni mwingine."

"Kwa nini hukuniambia kule?"

"Kule nilikuwa bado nimekununia."

Nikavuta kalenda ya ukutani. Jumamosi sikuwa na kipindi wala kikao.

"Basi nakuja Jumamosi," nikasema. "Naondoka na basi la saa nne asubuhi, nafika jioni. Usilifumue mpaka nikupime."

"Njoo. Watoto watakupokea stendi, ila mdogo huenda asikutambue, mwonyeshe picha yako na baba yake. Na Gramu?"

"Naam."

"Mizani iache huko huko."