Gauni la Masale

Mwaka ule wa tisini na sita karibu kila mtu Moshi alivaa mitumba, na mafundi cherehani wakabaki kukunja suruali na kubadilisha zipu. Herieth hakutaka kukunja suruali ya mtu. Alitaka kubuni mitindo, jambo ambalo baba yake, mtu wa Kasulu, mbali kule magharibi, aliyezeekea kwenye mashamba ya miwa, aliliona ni ugonjwa. Alikuwa ameshamtafutia kibarua cha kupakia sukari kiwandani, aanze Jumatatu.

"Nipe hadi Jumamosi, baba," Herieth alisihi. "Nguo yangu ikiwapendeza watu, nitapata wateja. Isipowapendeza, nitakuja kiwandani mwenyewe bila kuitwa."

Nguo yenyewe ilikuwa gauni la sendofu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, la Flavia, binti wa Kibosho aliyekulia Dar, mteja wa kwanza kumwambia, "Buni unavyotaka." Naye akabuni kweli! Alipanda mlimani, akayaona majani marefu ya kijani yaliyopakana na vihamba vya migomba na kahawa, akayapenda, akarudi kwao Njoro, mjini, kuyatarizi kwa uzi kutoka kiunoni hadi kwenye pindo. Majani arobaini na moja. Flavia alipolijaribu gauni alilia kwa furaha.

Asiyejua maana haambiwi maana. Jumamosi, Flavia alipoingia chini ya turubai nyumbani kwao Kibosho, vigelegele vilianza, kisha vikakatika. Bibi Mektrida, shangazi wa bwana harusi, alikuwa amesimama na kata ya mbege, pombe ya ndizi, mkononi.

"Binti huyu ametukosea nini," aliuliza, "hata atuletee masale yote haya kabla hatujamchukua?"

Uchaggani, aliyekosa humpelekea mwenzake jani la isale, na mwenye kinyongo akilipokea, neno limekwisha. Sasa biharusi amekuja na arobaini na moja! Wazee wakatazamana. Herieth, aliyekuwa kando ya masufuria, alielezwa hayo na mama mmoja aliyekoroga mtori, akatamani ardhi ipasuke immeze. Aliiona Jumatatu hiyo inakuja. Lakini hakukimbia, na hapo ndipo ninapompendea. Alipita katikati ya wageni, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi. Kosa ni langu. Mimi si mtu wa huku. Niliona jani zuri nikalishona, sikujua lina maana."

"Marahaba. Umelishona wewe, kwa mkono?"

"Ndiyo, bibi."

Bibi Mektrida akalisogeza pindo la gauni machoni, akapapasa jani moja baada ya jingine. Kisha akacheka hadi mbege ikamwagika.

"Basi nimepokea! Flavia, nimekusamehe makosa arobaini na moja ya mbele. Ukiunguza mtori, moja. Ukichelewa misa, mawili. Yakiisha, rudi kwa fundi!"

Watu wakaangua kicheko, vigelegele vikapanda upya, na Flavia akaanza kucheza palepale bila kungoja muziki.

Herieth alikuwa anainuka Bibi Mektrida alipomshika mkono na kushusha sauti.

"Nina dada yangu, Theodora, ng'ambo ya mto tu hapo. Miaka tisa hatusemeshani. Kosa ni langu, na kumpelekea jani moja naona haya." Akaweka kata chini, akanyoosha mikono pembeni. "Nipime. Na usinibanie majani."